Mfupa Unaunga, Mbona Mimi Sijapona?

SWALI

Mtaalamu, salaam. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mtunza stoo katika duka la jumla Kariakoo na mkazi wa Tabata. Miezi mitano iliyopita mwajiri wangu alinituma benki, na nilipokuwa nikivuka barabara niligongwa na bodaboda nikavunjika mfupa wa paja. Nilifanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma ndani ya mfupa, na siku ya kuruhusiwa niliambiwa kwamba ni suala la miezi mitatu. Sasa ni mitano. Bado natembelea gongo, goti halikunjiki sawasawa, na nikijitutumua siku moja nalala siku mbili. Jirani aliyevunjika mguu baada yangu ameshaanza kuendesha bajaji. Mke wangu ndiye anayeilisha nyumba kwa genge lake la mboga. Hasemi kitu, lakini najiona mzigo, nafoka ovyo na usingizi umenipotea. Mama mkwe anataka kunikanda kwa maji ya moto. Mwajiri naye alinilipa mshahara kamili kwa miezi miwili na nusu mshahara kwa miwili iliyofuata, na sasa anasema siku zangu zimekwisha. Je, hii ndiyo hali ya wagonjwa wote wa aina yangu, au kuna kitu kimeharibika?

Mwenye Gongo, Tabata

JIBU

Ndugu yangu Mwenye Gongo, pole sana kwa ajali na kwa yote yaliyoifuata. Naomba nianze na hilo neno la miezi mitatu, kwa kuwa katika miaka yangu ya kufanya kazi ya fiziotherapia hapa Dar es Salaam nimeona linavyowavunja moyo watu waliokuwa wakiendelea vizuri tu. Anayelitamka huwa anauzungumzia mfupa, ilhali anayelisikia hudhani anaambiwa habari zake yeye mwenyewe: kwamba siku tisini zikitimia ataamka, atavaa viatu na kupanda daladala kwenda kazini. Kuunga kwa mfupa na kupona kwa mtu ni mambo mawili yenye kalenda mbili, na kalenda ya pili ndiyo ndefu zaidi.

Hata hiyo ya mfupa si fupi. Mfupa wa paja ndio mrefu na imara kuliko mifupa yote ya mwili, na kwa kawaida huhitaji miezi mitatu hadi sita ili uunge, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Kwanza damu huganda mahali palipovunjika, kisha hujengeka kitu laini mfano wa gegedu, halafu mfupa mchanga huanza kushika kutoka pande zote mbili, nao huendelea kujichonga upya kwa mwaka mmoja au zaidi. Chuma ulichowekewa hakiungi chochote. Kazi yake ni ile ya mirunda inayoshikilia zege la lenta: inalizuia lisiporomoke wakati linakauka, lakini haigeuki kuwa zege. Ndiyo maana unaweza kuwa na chuma kizuri kilichokaa sawasawa na bado mfupa wenyewe ukaendelea na safari yake taratibu.

Sasa tuje kwenye msuli, ambao hauonekani kwenye picha ya eksirei na kwa hiyo hakuna anayeuulizia. Msuli wa mbele ya paja huanza kusinyaa ndani ya siku chache tu za kulala kitandani, na kuurudisha huchukua miezi mingi ya mazoezi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima unene wa paja lako la kushoto na la kulia, sentimeta kumi juu ya pia ya goti, na huenda ukaelewa papo hapo kwa nini mguu unachoka ukifika kona ya mtaa. Huo si uvivu, wala haina maana kwamba upasuaji umeharibika.

Kuhusu jirani yako, kwetu mtu akipasuka kifundo, akivunjika muundi au akivunjika paja, wote husemwa wamevunjika mguu, lakini majeraha hayo hayalingani hata kidogo. Umri, uvutaji wa sigara, kisukari, upungufu wa damu, lishe na ukubwa wa kishindo chenyewe pia hubadili mwendo wa kupona. Ikiwa unavuta sigara, hilo ndilo jambo la kwanza ninalokuomba uliache, kwa kuwa linachelewesha mfupa kuunga. Na jirani mwache na bajaji yake.

Lakini sitaki nikutulize kupita kiasi, maana baadhi ya mifupa hukataa kuunga, na katika mwezi wa tano ni lazima mtu akague. Kama hujapiga picha katika wiki sita zilizopita, rudi kliniki, na usitosheke na kuambiwa kwamba unaendelea vizuri. Muulize daktari akuonyeshe kwenye picha yenyewe kama mfupa mchanga umeshavuka ufa, na ni katika pande ngapi kati ya nne zinazoonekana. Tatu ni dalili njema. Uliza pia unaruhusiwa kuukanyagia mguu huo uzito kiasi gani, kwa sababu nimekutana na watu walioendelea kuning'iniza mguu miezi miwili baada ya kuruhusiwa kuukanyaga, na mfupa wa namna hii, daktari akisharidhia, hufaidika na uzito. Maumivu yanayozidi wiki hadi wiki kila ukikanyaga, mguu kuanza kupinda au kufupika, homa, au usaha kwenye kovu ni mambo ya kukurudisha hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Shavu la mguu likivimba na kuuma, nenda siku hiyo hiyo. Ukibanwa pumzi ghafla au kifua kikichoma, nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa kuwa huenda damu imeganda kwenye mshipa na bonge lake limesafiri hadi kwenye mapafu.

Umeandika kwamba ukijitutumua siku moja unalala siku mbili, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye sehemu kubwa ya tatizo lako. Siku unayojisikia vizuri unataka kulipa madeni yote: unakwenda sokoni, unapanga stoo ya genge, unamsindikiza mgeni hadi kituoni. Mguu unavimba, unalala, msuli unapoteza kile ulichokuwa umekijenga, na siku ya tatu unaanza tena chini ya pale ulipokuwa. Tafuta kiasi ambacho unaweza kukifanya hata katika siku mbaya, kwa mfano kutembea dakika nane asubuhi na nane jioni, ukifanye kila siku bila kuzidisha wala kupunguza kwa wiki nzima, kisha ongeza dakika mbili. Kipimo ni asubuhi ya kesho yake: maumivu yakirudi yalipokuwa jana kabla hujatembea, umekwenda sawa, yakiwa bado juu, ulizidisha, punguza kidogo lakini usiache. Andika kwenye kalenda ya ukutani, na ujilinganishe na wewe wa nusu mwezi uliopita, kamwe usijilinganishe na wewe wa jana.

Kwa msuli wenyewe, keti kitandani miguu ikiwa imenyooka, weka khanga iliyokunjwa chini ya goti, ikandamize kwa nguvu ukihesabu hadi tano, uachie, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Baada ya hapo fanya zoezi la kuinuka kwenye kiti kigumu na kuketi tena polepole. Goti lililokakamaa linahitaji kukunjwa kila siku hadi pale linapovuta, na mtaalamu wa mazoezi aliangalie ili akupe lengo la kila wiki. Gongo lako nalo, ninaomba ulishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hulishika upande wa mguu mbovu, wakaegemea huko na kuzoea kuchechemea. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mbovu pamoja na gongo hutangulia kushuka. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, usijilazimishe. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinatosha kabisa, na fundi wa mtaani hukitoboa kwa dakika chache.

Mama mkwe wako ana nia njema, nami sipendi kumkatisha tamaa mtu anayekuhurumia. Apake mafuta ya nazi kwa mkono mwepesi juu ya ngozi iliyokwisha kufunga, hakuna ubaya. Kukanda kwa nguvu karibu na mfupa uliovunjika, au kukanda shavu la mguu lililovimba, hapana. Maji ya moto pia ni ya kuogopwa, kwa kuwa ngozi iliyo jirani na kovu mara nyingi huwa na ganzi, nayo huungua mgonjwa asijue. Akitaka kukusaidia kwa uhakika zaidi, akupikie dagaa wanaoliwa na miiba yao, mayai, maharage, na akupatie maziwa au mtindi. Supu ya kongoro ni tamu, nami mwenyewe siikatai, lakini madini ya chokaa yaliyomo ni machache kuliko watu wanavyodhani. Dagaa wameishinda kwa mbali. Vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa kila siku duka la dawa bila kuandikiwa uviache, vinachoma tumbo na kuumiza figo.

Kufoka na kukosa usingizi si jambo dogo, wala usilifiche chini ya gongo. Mtu aliyezoea kuondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akakaa miezi mitano akisikiliza kila mgeni akimuuliza "Bado tu?", hupata jeraha jingine ambalo halina kovu. Kama kwa wiki mbili mfululizo siku nyingi umeamka na huzuni na huna hamu hata ya yale uliyoyapenda, mwambie daktari kama unavyomwambia habari za goti, kwani huenda ni sonona nayo ina tiba. Mke wako pia mweleze. Ukimya wake unausoma kama lawama, ilhali inawezekana kabisa ni uchovu, au ni hofu ya kukuumiza. Mwombe kazi ya genge inayofanyika umekaa: kuchambua mchicha, kufunga mafungu ya nyanya, kuandika hesabu. Mtunza stoo hakosi jicho la hesabu.

Kuhusu mwajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Kwa hiyo hesabu yake haiko mbali na sheria. Lakini siku hizo kwisha si ruhusa ya kukufukuza papo hapo. Anapaswa kwanza kuangalia hali yako na kama ipo kazi nyepesi unayoweza kuifanya, na stoo haikosi kazi ya mezani. Akikuachisha bila kufuata utaratibu, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. La muhimu zaidi ni kwamba uligongwa ukiwa umetumwa kikazi, hivyo suala hili huenda linauhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwulize mwajiri kama ajali iliripotiwa huko, na kama bado, nenda mwenyewe wiki hii ukiwa na taarifa ya polisi na karatasi za hospitali.

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 49 na aliondolewa kizazi wiki saba zilizopita kwa sababu ya uvimbe. Kidonda kimefunga vizuri, lakini akioga tu anarudi kulala. Shangazi zangu wanasema anadeka, na kwamba kuteka maji kutamchangamsha. Mwishoni mwa mwezi kuna harusi Morogoro naye anataka kwenda.

Binti wa Kigamboni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mama hadeki. Ngozi ya tumbo hufunga mapema, lakini tabaka za ndani zilizokatwa na kushonwa huendelea kuimarika kwa wiki nyingi baada ya hapo, na uchovu wa upasuaji mkubwa wa tumbo unaweza kudumu miezi. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 kabla hujahesabu ndoo yenyewe, nayo isiguswe mpaka daktari atakapomruhusu. Kinachoweza kumchangamsha ni kutembea, mara kadhaa kwa siku na kwa muda mfupi.

Mpeleke hata hivyo akapime wingi wa damu. Wanawake wengi wenye uvimbe wa kizazi hupoteza damu kila mwezi kwa miaka kabla ya kufika chumba cha upasuaji, kwa hiyo huenda aliingia huko tayari akiwa na upungufu. Akipewa vidonge vya kuongeza damu avinywe pamoja na chungwa, na chai isogezwe mbele kwa saa moja au mbili, kwani huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Kama waliondoa na ovari, yaani vifuko vya mayai, joto la ghafla na kukosa usingizi vitakuwa vimechangia, na daktari anaweza kumsaidia. Homa, uchafu wenye harufu, damu nyingi au mguu mmoja kuvimba ni sababu za kurudi hospitali mara moja.

Harusini aende, kama daktari haoni kizuizi. Treni ya umeme ingemfaa kuliko basi, kwa kuwa atapata nafasi ya kuinuka na kutembea kidogo ndani ya behewa. Mizigo mbebee wewe, na huko ukumbini mtafutie kiti kabla shangazi hawajamkabidhi sufuria.