Niache Ualimu Nikafanye Biashara?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, Shehe wangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Muheza, huu mwaka wa 11. Nina mke na watoto wanne, na mama yangu ninamlea mimi. Shemeji yangu ana fremu ya spea za pikipiki Kariakoo, na ananiita tuungane. Akiba yangu ni milioni nne. Yeye ananishauri nichukue na mkopo wa benki wa watumishi, milioni 15, fedha zikishaingia niandike barua ya kuacha kazi. Ameniahidi laki nne kila mwezi. Kwenye semina ya ujasiriamali tuliambiwa ajira ni utumwa, na kwamba Mtume (s.a.w.) amesema sehemu tisa katika kumi za riziki zimo katika biashara. Nimeswali istikhara, Swala ya kumwomba Mwenyezi Mungu anichagulie lililo la kheri, usiku saba, sijaota kitu. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwalimu. Swali lako nimelisoma mara tatu, maana nyuma yako wapo watu sita wanaokula kwa mkono wako.

Nianze na hiyo Hadithi ya sehemu tisa katika kumi. Imeenea kwenye mimbari, na sasa imehamia kwenye semina, lakini wanavyuoni wa Hadithi wameidhoofisha. Haifai kumwachisha mtu kazi. Iliyo sahihi, aliyoipokea Bukhari, inasema hakuna aliyekula chakula bora kuliko kile kinachotokana na kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daudi (a.s.) alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Anayeshika chaki naye ana mikono.

Na hilo neno "ajira ni utumwa" linaniuma. Nabii Musa (a.s.) aliajiriwa Madyana kwa mkataba wa miaka minane, akitaka akamilishe kumi; habari hiyo imo katika Suratul Qasas. Mtume wetu (s.a.w.) alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira, na alilieleza hilo mwenyewe bila kuona haya. Aliyekuambia unaishi utumwani kwa kuwa unapokea mshahara hakukupa elimu, amekuchochea tu.

Sahaba anayetajwa sana kwenye semina ni Abdurrahman bin Auf (r.a.). Alipohamia Madina, ndugu yake wa Kiansari, yaani mwenyeji wa Madina, Saad bin Rabii, alimpa nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, akakataa, akauliza soko liko wapi. Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqaa, akarudi na faida ya jibini kavu na samli kidogo. Watu huishia kwenye utajiri alioupata baadaye. Mimi nakuomba utazame mambo mawili: mtaji mkubwa wa mwenziwe hakuuchukua hata pale alipopewa bure, na biashara hakuwa akiianza siku ile, kwani alikuwa mfanyabiashara tangu Makka.

Halafu mweke pembeni yake Abubakar (r.a.). Yeye aliishi kwa kuuza nguo. Alipokuwa khalifa aliacha soko akawa analishwa kutoka Baitul Mali, hazina ya Waislamu, akasema watu wake wanajua kwamba kazi yake haikushindwa kuilisha familia yake, ila sasa ameshughulishwa na mambo ya Waislamu. Mmoja alikwenda sokoni, mwingine akatoka sokoni. Wote wawili wamebashiriwa Pepo.

Kwa hiyo usiniulize ipi bora baina ya biashara na ajira. Jiulize wewe ni nani ukiwa nyuma ya kaunta. Uruwa al-Bariki (r.a.) alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja akanunue mbuzi. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake, na inasimuliwa kwamba hata angenunua udongo angepata faida. Hicho ni kipaji, na Mwenyezi Mungu hakumgawia kila mtu. Kipaji cha kumfahamisha mtoto hesabu iliyomshinda nacho ni riziki, na huenda ndicho ulichogawiwa wewe. Sijui, lakini unaweza kukijua bila kuandika barua yoyote.

Likizo ya Juni nenda Kariakoo, ukae kwenye fremu hiyo wiki zote. Fungua asubuhi, funga jioni, beba mzigo, pokea wateja. Tazama madeni yanavyoandikwa na mali kauli, yaani bidhaa zilizochukuliwa kwa ahadi ya kulipa baadaye, inavyolipwa. Uliza kodi ya fremu inalipwa ya miezi mingapi kwa mkupuo. Ukimwona winga, yaani dalali wa Kariakoo, anapokea fedha ya mteja kwa spea ambayo bado iko duka la mwingine, kumbuka Mtume (s.a.w.) alimwambia Hakim bin Hizam: usiuze usichokuwa nacho. Udalali wa wazi, wenye ujira unaojulikana, hauna ubaya. Kuuza mali ya mwenzio kana kwamba ni yako ndiko kulikokatazwa. Zaidi ya yote, siku bodaboda akikuuliza kama brekipedi ni orijino nawe unajua ni feki, na fedha ameshaishika mkononi, sikiliza ulimi wako unasema nini. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, akasema anayeghushi si katika sisi. Na kile kilikuwa chakula tu. Brekipedi feki inaua.

Sasa mkopo. Riba iliyomo unajua hukumu yake na sina njia ya kukupunguzia. Lakini lipo jambo la pili ambalo sidhani umelitazama: benki inakukopesha kwa kuutegemea mshahara wako, nawe unaukopea ukiwa umeshanuia kuuacha. Hiyo ni hadaa, hata kama ungekuwa mkopo usio na riba. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni ndani ya Swala, na alipoulizwa kwa nini, alisema mtu akidaiwa, akizungumza husema uongo, akiahidi huvunja. Wewe utakuwa umeanza uongo kabla hata deni halijaiva.

Na hizo laki nne za kila mwezi hazifai. Ukitoa mtaji naye akafanya kazi, hiyo ni mudharaba, na sharti lake ni kugawana faida kwa fungu linalojulikana, nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili. Hasara isiyotokana na uzembe wake inaula mtaji wako, naye amepoteza jasho lake. Akikuhakikishia kiasi maalumu, duka lipate lisipate, mmeshatoka kwenye ushirika. Najua ni shemeji na anakupenda. Mimi ujanani niliingia ubia wa duka la nguo na mtu wa karibu bila kuandikiana. Duka lilikufa, na undugu ukachukua miaka mingi kupona. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha kuandika deni.

Istikhara yako ni sahihi. Ndoto si sharti lake. Dua yenyewe inaomba jambo lifanywe jepesi kama ni la kheri, na likuepuke kama ni la shari. Basi anza kutembea uone njia inavyofunguka. Na Aya ya 159 ya Suratu Al Imran imepanga: shauriana, kisha kata shauri, kisha tegemea. Mkeo umemshauri? Katika barua yako yote sikuona neno lake hata moja, naye ndiye atakayepika hizo laki nne zisipofika.

Ninavyoona mimi, usiache kazi mwaka huu. Katika milioni nne, tenga kwanza chakula na ada za watoto za miezi sita, maana inamtosha mtu dhambi kuwanyima chakula wanaomtegemea. Kinachobaki, ukipenda, kitie kwa shemeji kwa mudharaba wa maandishi na mashahidi wawili, na hesabu ufungue mwenyewe likizo ya Desemba. Hayo maandishi mkitaka niyapitie, njooni wote wawili, na mama watoto awepo, baada ya Swala ya Ijumaa.

Wallahu aalam.