Jibu: Barabara ya kuendesha gari kwa raha tu, ukitokea Tanga

Ndugu, umeuliza ni barabara gani ukitokea Tanga inayofaa kuendeshwa kwa raha tu, pasipo shughuli yoyote mwisho wa safari. Bila kusita ningekuelekeza kwenye ile inayoiacha barabara kuu pale Mombo na kupanda Milima ya Usambara hadi Lushoto. Ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba, lakini katika mwendo huo mfupi utaliacha joto la tambarare, upande kona baada ya kona kando ya bonde, uyapite maporomoko ya maji ya Soni, kisha uingie kwenye baridi ya mji ulio katika mwinuko wa mita 1,400 hivi. Ukifika mapema, endelea hadi Irente, ambako utaiona nyika ya Wamasai ikiwa imetanda chini kabisa. Kwangu hakuna mandhari yanayoizidi hiyo mkoani. Usiharakishe hata kidogo. Piga honi kwenye kona zisizoonyesha mbele, mpishe anayepanda, na wakati wa kushuka tumia gia ndogo ili breki zisipate moto. Msimu wa masika ningeuepuka, kwa sababu udongo huporomoka barabarani.