Pochi ya mauzo sokoni

Swali: Ndugu Mhariri, kila Jumamosi hupita soko la Mwanga, hapa Kigoma, nikiwa na mauzo ya dagaa, na tangu jirani yangu aibiwe simu natembea kwa hofu. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, dada. Hofu humfanya mtu ainamishe macho na kukumbatia pochi, jambo linalomwonyesha mwizi mahali fedha zilipo. Afadhali utembee kichwa juu, ukizitambua nyuso zilizo karibu nawe, huku nauli ikiwa mfuko tofauti ili usifungue pochi mbele ya watu. Ukigongwa ghafla, shika pochi kwanza kabla ya kugeuka, kwa maana huenda aliyekugonga ana mwenzake upande wa pili. Fedha nyingi ziweke kwa wakala kabla hujaondoka mwaloni Kibirizi, kule mitumbwi inakoshushia dagaa. Ukifuatwa, ingia duka lenye watu na, nakusihi, usione haya kumweleza mwenye duka. Polisi hupigiwa kwa namba 112.