Ukikataliwa viza ya kazi, tafuta kwanza kosa ni la nani

Jumatatu jioni kijana mmoja wa mtaani kwetu, Likoni, Mombasa, alinijia barazani na simu mkononi. "Kaka, wamenikataa." Ana shahada ya uhandisi, amepata kazi Uingereza, mwajiri amemdhamini, ada zote zimelipwa. Sasa ana barua ya kurasa tatu ambayo ameisoma hadi macho yamewiva. Nilimketisha, nikaitisha chai, kwa sababu hayohayo yalinifika mimi mwaka 2023.

Mimi ni fundi wa malori. Nilikuwa gereji moja Changamwe nilipopata kazi kwenye kampuni ya malori kaskazini mwa Uingereza. Nilipanda treni ya SGR pale Miritini kwenda Nairobi kupimwa kifua kikuu katika kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, nikafanya mtihani wa Kiingereza, nikatuma maombi. Mamangu alikuwa ameshaanza kuwaaga majirani kwa niaba yangu. Kisha barua pepe ikaja, na katika kurasa zote zile nililoliona ni neno moja tu: limekataliwa.

Nilikimbilia mjini kwa ajenti. Aliniambia tutakata rufaa, nilete shilingi 45,000 pamoja na barua ya chifu, barua ya imamu, vyeti vya shule na picha za familia. Nikaanza kuzikusanya. Siku tisa zikapotea hivyo. Barua yenyewe ya kukataliwa hakuisoma. Aliitazama juujuu, akaiweka chini ya faili nyingine, akaendelea kuongea. Ningekuwa na utulivu siku ile, hapo hapo ningeinuka nikatoka.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, mke wa kaka. Yeye ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha, kazi yake ni makaratasi ya mizigo ya bandarini. Alinifungulia mlango, akaona uso wangu, akaomba barua kabla hata ya kunikaribisha chakula. Alisoma mpaka mwisho, akarudi nyuma, kisha akaikunja karatasi juu na chini hadi ikabaki aya moja tu inayoonekana. Akaiweka mbele yangu. "Entri, yaani fomu ya mzigo, ikirudishwa forodhani, shemeji, hatuulizi kwa nini wanatuchukia. Twauliza ni mstari gani. Mstari wako ni huu. Haya mengine ni maelezo tu."

Aya ile ilisema sijathibitisha kuwa nina pauni 1,270 za kujikimu zilizokaa benki siku 28 mfululizo. Kweli, sikupeleka taarifa ya benki. Sikupeleka kwa sababu mwajiri aliniambia amejaza kwenye cheti cha udhamini kwamba atanikimu mwezi wa kwanza, na sheria inamruhusu mwajiri ambaye leseni yake ya udhamini ina daraja A kufanya hivyo. Shemeji akaniuliza, "Una hakika amejaza? Umekiona kwa macho?" Sikuwa nimekiona. Mimi nilipewa namba ya cheti tu. Wengi wetu hupewa namba tu, kwa kuwa cheti chenyewe ni rekodi iliyo kwenye mtandao wa serikali ya Uingereza, si karatasi. Nikampigia mwajiri. Yule mama wa ofisi alikifungua tukiwa bado kwenye simu, akanisomea: sehemu ya kujikimu imejazwa ndiyo. Jioni ile akanitumia nakala nzima.

Nakuomba, wewe unayesoma hapa na barua yako iko mezani, ulishike hili kabla ya kumlipa mtu yeyote. Kwa viza ya kazi ya Uingereza, rufaa tunayoizoea, ya kusimama mbele ya hakimu na kueleza shida zako, haipo. Kilichopo ni mapitio ya uamuzi. Afisa mwingine anarudia faili lako na kuangalia jambo moja: je, aliyeamua alikosea kuyasoma yaliyokuwa mbele yake? Ukiwa nje ya Uingereza una siku 28 tangu upokee uamuzi, ada ni pauni 80, na unajaza mwenyewe mtandaoni kwa kufuata maelezo yaliyo ndani ya barua. Kwa kawaida ushahidi mpya haupokelewi. Barua ya chifu haina pa kuingia. Machozi ya mama, ambayo Mungu anayajua, nayo hayana pa kuingia.

Kwa hiyo swali ni kosa ni la nani. Langu lilikuwa la afisa, kwa sababu cheti kilikuwa mbele yake na kimejazwa. Tuliandika nusu ukurasa, kwa Kiingereza chepesi: aya fulani ya barua yenu inasema sina fedha za kujikimu, cheti cha udhamini namba hii, sehemu ya kujikimu, kinaonyesha mwajiri amezithibitisha, kwa hiyo sharti lilitimizwa siku nilipoomba. Shemeji alinifutia kila sentensi iliyokuwa inalalamika. Nilikasirika kidogo, lakini alikuwa sahihi. Nilituma siku ya kumi na tisa. Majibu yalichukua wiki kumi na moja, na ziliniuma, maana mwajiri angeweza kuchoka kungoja. Hakuchoka kwa sababu kila Ijumaa nilimwandikia mistari miwili kumjulisha nilipofika. Uamuzi ulibatilishwa, nikaitwa nipeleke pasipoti.

Rafiki yangu wa gereji ileile hakuwa na kosa la afisa. Yeye alitegemea akiba yake mwenyewe: shilingi 250,000 ziliwekwa benki Desemba 2023, hazikuguswa siku zote 28. Lakini fedha za kigeni hupimwa kwa bei ya siku unayotuma maombi, na mwezi ule shilingi yetu ilikuwa inaanguka. Januari 2024 pauni ilipita shilingi 200, kwa hiyo 1,270 zikawa zaidi ya 254,000. Akakataliwa. Alitaka mapitio kwa sababu mimi nilishinda. Shemeji akamwambia, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba afisa alipiga hesabu sawasawa, na kuomba mapitio ni kutupa pauni 80 na miezi. Alimwomba mwajiri cheti kipya, maana kile kilichotumika kwenye ombi lililokataliwa hakitumiki tena. Akaweka 300,000, akahesabu siku 28 upya, akaomba tena Machi. Aliwahi, kwa sababu tarehe 4 Aprili 2024 kima cha kawaida cha mshahara kinachotakiwa kwa viza hii kilipanda kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka, na mshahara wake usingefika.

Hapo pana jambo ambalo watu hawaambiwi. Ombi jipya hupimwa kwa sheria za siku unapoliwasilisha. Mapitio hurudi kwenye ombi lako la zamani. Tangu 22 Julai 2025 kazi nyingi za kiwango cha chini ya shahada zimeondolewa kwenye viza hii, na mlango wa kuajiri walezi wa wazee na wagonjwa kutoka nje ya Uingereza umefungwa. Kama uliomba kabla ya sheria kubadilika na kosa ni la afisa, mapitio huenda ndiyo njia pekee uliyobaki nayo. Na usitume ombi jipya huku mapitio yanaendelea, kwani mapitio yatafutwa.

Ukiona barua inakutuhumu kutumia hati bandia au kudanganya, na hukudanganya, omba mapitio hata kama unaweza kuomba viza upya. Tuhuma ile ikikaa inaweza kukufungia mlango miaka kumi. Hapo tafuta mshauri aliyesajiliwa Uingereza kwa kazi hiyo. Na kama hati ilitengenezwa na ajenti bila wewe kujua, mweleze mshauri ukweli wote, hata ule unaokuaibisha.

Kuhusu fedha: ada ya viza hairudi, ada ya huduma ya afya hurudishwa ukikataliwa. Ile tozo ya ujuzi ambayo mwajiri hulipa serikalini haruhusiwi kukutoza wewe. Anayekuuzia cheti cha udhamini mjini hapa anakuuzia matatizo.

Nikirudi kwa kijana wa Jumatatu. Barua yake inasema hajathibitisha Kiingereza. Shahada yake alisomeshwa kwa Kiingereza na anasema alipata uthibitisho wa Ecctis, taasisi ya Uingereza inayothibitisha shahada za nje. "Uliupakia?" Kimya. Hakumbuki kama aliupakia au aliuhifadhi tu kwenye simu, na majibu ya swali hilo ndiyo yatakayosema kama ataomba mapitio au ataanza upya. Zimebaki siku kumi na moja. Kesho baada ya Magharibi tunavuka feri kwenda kwa shemeji, na nimemwambia aje na orodha ya nyaraka zote alizopakia, ikiwa imechapishwa.