Re: Kaka amekamatwa na kifurushi cha posta, dhamana inapingwa

Pole sana dada. Kaka yako alikamatwa Nairobi akichukua kifurushi kutoka ng'ambo, na upande wa mashtaka unapinga dhamana kwa sababu kosa ni zito. Uzito wa kosa peke yake hautoshi. Kifungu cha 49(1)(h) cha Katiba kinataka sababu nzito, na mzigo wa kuzithibitisha ni wao.

Kwanza someni hati ya kiapo ya mpelelezi. Mara nyingi hoja ni kwamba mshtakiwa atatoroka. Mjibuni kwa vitu: pasipoti iwekwe mahakamani, barua ya chifu, mkataba wa nyumba, mdhamini mwenye hatimiliki halisi. Mdhamini akija na nakala tu, mmekwama hapo hapo! Kaka akinyimwa dhamana, nendeni Mahakama Kuu, kifungu cha 123(3) cha sheria ya mwenendo wa jinai.