Gari la wagonjwa liko mtaani, nyumba haionekani

SWALI: Habari za kazi dada. Nakaa na mama mkubwa, ana miaka 71, ana presha na kisukari. Wiki mbili zilizopita saa nane usiku alizidiwa, nkapiga ambulensi, simu ikapokelewa fasta tu ila mimi ndo nkawa najikanyaga, naulizwa mko wapi nasema tuko nyumbani, naulizwa anatumia dawa gani nasema zile nyeupe. Gari limekuja likawa linazunguka huko nje mpaka nkatoka peku kulifukuzia. Saa hizi anaendelea vizuri ila sitaki yanikute tena. Tujipangeje?

JIBU: Pole mdogo wangu, na mama mkubwa mpe pole zangu. Hiyo ya "zile nyeupe" imenichekesha halafu ikaniuma, maana ukishapanikiwa hivyo hata jina lako linapotea, kwa hiyo usitegemee kichwa, tegemea karatasi. Bandika moja ukutani mahali ambapo hata mgeni ataiona, herufi kubwa.

Juu kabisa namba. Kuna nchi ni 999, kwingine 911, kwingine 112, usichukue ya kwenye muvi ukadhani ndo yenu. Simu nyingi za mkononi zinaitambua 112 hata ikiwa imefungwa kwa paswedi, lakini nani anapokea upande wa pili inategemea uko wapi. Usiipige kujaribu, utamzibia mwenye shida kweli, kaulize kliniki anakotibiwa mama, na kama kwenu magari ni ya hospitali moja moja basi andika namba mbili tatu.

Chini yake andika jinsi ya kufika, na hapa ndo wengi tunachemka. Watu wanaelekeza "geti la bluu", sasa saa nane usiku bluu utaionea wapi? Au "palipopaki lori", lori lenyewe asubuhi limeondoka. Anzia barabara kubwa, taja jina la barabara na namba ya nyumba kama ipo, kata kulia kata kushoto, na alama ambayo haihami na usiku inaonekana. Ukimaliza mpe mtu ambaye hajawahi kufika kwako, aje usiku bila kukupigia, akipotea ujue hiyo karatasi haifai andika nyingine.

Dawa nazo ziandike kama zilivyo kwenye boksi, jina na miligramu na anakunywa saa ngapi, insulini kama anachoma, dawa zinazomletea aleji, na kama anatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi hiyo ipigie mstari. Daktari akibadilisha na wewe badilisha siku hiyohiyo.

Siku ikifika, ukipokelewa taja mahali kwanza kabla hujaeleza ugonjwa, simu ikikatika angalau wanajua waje wapi. Weka spika mikono ibaki huru, na usikate mpaka wakwambie kata, maana kama mtu hajitambui na hapumui kawaida watakuelekeza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na huwezi kusubiri gari ndo lije lianze. Ukiona mdomo umeenda upande, mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri, hiyo inaweza kuwa kiharusi, angalia saa na ukumbuke mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi, wataliuliza hilo kabla ya mengine mengi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze. Na asinyweshwe maji jamani, yanaweza kupita njia ya hewa.

Wewe ukiwa kwenye simu mwingine afungue geti, awashe taa zote, afunge mbwa, atoe viti kwenye korido machela ipite, kisha akasimame barabarani na tochi. Gawaneni hizo kazi leo kwa majina, ukisema "mtu aende" haendi mtu.

SWALI: Dada mi nna mtoto wa miaka sita, nimfundishe hiyo namba au ataichezea?

JIBU: Mfundishe. Siku ukianguka mko wawili tu nani atapiga? Ila hakikisha anajua jina lako kamili maana ukimuuliza sasa hivi atakwambia unaitwa Mama, anajua na mahali mnapokaa, na anajua kupiga simu ya dharura wakati simu imefungwa. Wewe jifanye ndo unapokea, yeye ashike simu iliyozimwa, akuelezee. Rudieni kila baada ya wiki chache, watoto wanasahau haraka, na siku akikurekebisha wewe namba ya nyumba ujue ameelewa.