Geji ya joto inapanda ukiwasha taa
Mkuu, umesema geji mpya ya joto uliyofunga kwenye Hilux yako hapo Tanga inasoma vizuri mchana, ila usiku ukiwasha taa mshale unaruka juu. Injini haichemki hiyo, shida ni athi (njia ya negativu inayorudisha umeme kwenye betri). Chukua waya mrefu, unganisha negativu ya geji moja kwa moja na negativu ya betri, halafu washa taa. Mshale ukitulia, umeshampata mchawi. Nahisi fundi kaubana waya wa athi kwenye skrubu ya dashibodi palipo na rangi, na chumvi ya bahari ya huko haina huruma. Kwangua bodi hadi chuma king'ae, funga kwa bolti, paka grisi juu.

Angalia na sensa, ile inayofungwa kwenye injini kupima joto. Kama ni ya waya mmoja, athi yake inapitia kwenye nyuzi zake za skrubu. Ile tepu nyeupe ya mabomba (mafundi wetu wanaipenda mno!) ikizidi, geji inasoma chini kuliko joto halisi, na hapo ndipo pa kuogopa.

Waya mwekundu wa geji utoke kwenye umeme wa swichi ya kuwashia gari, ukiwa na fyuzi yake. Hiyo ya presha ya oili unayotaka kuongeza, nunua ya umeme. Ile ya mrija inaleta oili yenyewe hadi kwenye geji; mrija ukipasuka, oili ya moto inakumwagikia miguuni.